Sekunde Thelathini

Saa nane za usiku, Nguba. Umeme umerudi,
friji ya jirani imeguna ukutani,
nami natazama mistari ikipanda kwenye kioo:
Inaanza.
Inaanza.
Muda umekwisha. Imezimwa.
Inaanza.

Wanasema data zetu zinakaa winguni.
Wingu ninalolijua mimi ni hili lililokalia Kadutu,
linalomwaga mvua juu ya mabati.
La kwao sijaligusa, nalilipia tu kila mwezi.

Mita za maji za Bagira, za Panzi, za Kadutu
zimelimbikiza hesabu za siku mbili za giza.
Programu inaamka, inafungua daftari,
inasoma toka ukurasa wa kwanza, inafika katikati,
na msimamizi wake (programu pia, hana ubaya,
ameagizwa tu ahesabu hadi thelathini)
anasema: kimya hiki ni kifo.
Anaiua ili aifufue.

Cirhuza, mdogo wangu, darasa la tatu,
amesimama mbele ya ubao.
Maji ya ziwa yanatokea wapi?
«M-m-mto R-r-r...»
«Keti!»
Mwalimu alikuwa na saa mkononi na watoto sitini.
Kesho yake tena, toka herufi ya kwanza.
Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa njiani.
Mwaka mzima aliitwa mjinga,
nami niliyelala naye kitanda kimoja
nilimsikia gizani akiuambia ukuta, polepole, mpaka mwisho:
Ruzizi. Mto Ruzizi.

Sikununua mashine kubwa zaidi.
Nilifungua faili la mipangilio,
nikafuta thelathini, nikaandika mia sita,
na msimamizi nikambadilishia swali:
usiulize «umemaliza?», uliza «unasonga?»
Ukurasa ukigeuka, iache.
Usipogeuka kabisa, zima;
maana kimya cha kifo nacho kipo, sikatai.

Dakika ya nne. Ya sita.
Kidole kiliniwasha juu ya kitufe, nikakikalia.
Ya saba na ushee, Panzi ikatokea,
bomba moja, kisha matatu,
kisha namba zikaporomoka kama watoto wanaotoka shule.

Kulipokucha nilimpigia Cirhuza, yuko Uvira.
«D-d-d...» akaanza.
Nina mazoea ya kummalizia neno.
Nikanywa chai yangu, baridi, funda kwa funda.