Matundu Thelathini na Saba

Ilianza alasiri, tukidhani ni watoto wa Nzomo
wanarusha kokwa juu ya bati, kama kawaida yao.
Nikatoka na mwiko mkononi nikawakemee.
Watoto walikuwa barazani, vinywa wazi.
Mbingu ndiyo iliyokuwa ikirusha.

Kwanza punje kama kunde,
kisha kama kungumanga,
kisha sikupata tena cha kufananisha,
maana nilikuwa chini ya meza.

Dakika kumi. Halafu Mtopanga yote kimya,
ua jeupe kama limemwagikiwa chumvi ya mawe,
na Mama Wanjala, mtu wa bara, akicheka peke yake:
"Kumbe nanyi mmeletewa!"
Watoto wakajaza sufuria, wakamimina shira ya waridi, wakala.
Mimi nikainua kichwa.

Nyumba hii kiwanja chake si chetu.
Tunakilipia kila mwezi
kwa mtu aishiye ng'ambo, kwa mkono wa wakili wake.
Chetu ni kuta za udongo, vyumba sita,
na mabati, geji ya thelathini, aliyoyanunua baba
kwa kiinua mgongo cha bandarini.
Ardhi ina wenyewe. Paa ndilo la kwetu.
Ukinitoboa paa, hujanibakishia kitu.

Dukani Kongowea, muuzaji akaniangalia:
"Mawe? Mombasa hii? Dada, hayo ni ya Limuru.
Sema tu chumvi imekula, si aibu."
Na kweli chumvi ilikula,
miaka na miaka ikitafuna bila sauti;
mawe yalikuja kumalizia tonge.
Lakini nilikuwa na shahidi:
punje moja, kubwa kuliko zote,
katika friza ya Mama Wanjala,
katikati ya barafu za ukwaju anazowauzia wanafunzi.
Nikamwambia, nitakuletea uione.
Stima ikapotea siku mbili.
Shahidi akaondoka pamoja na ukwaju.

Fundi Kazungu alitaka saa sita ya mchana.
"Funga madirisha, zima taa.
Uonapo mwanga, chomeka kijiti."
Yeye juu na lami, mimi chini na fito,
tukisemezana kwa kugonga.
Vyumba viwili vya Nzomo, matundu tisa.
Cha Mama Wanjala manne, moja juu ya friza.
Cha Bakari wa saa, asiyelipa tangu mfungo sita,
kumi na mawili; akataka kila tundu
lihesabiwe shilingi mia za deni lake.
Ukumbini matatu. Changu tisa.
Chumba cha mwisho, kisicho na mpangaji,
hakuna hata moja.

Mtoto wa Nzomo akanyoosha kidole gizani:
"Nyota!"
Mamake akamjibu huku akianua shuka:
"Nyota haziloweshi godoro."

Siku ya tatu akaja karani wa wakili,
akamkuta fundi juu.
"Mnajenga?"
"Twaziba."
"Msiongeze hata kozi moja."
Akayahesabu mabati mapya, manne, ya mkopo,
akaandika.
Nikamwambia, andika pia kwamba yalianguka mawe.
Akanitazama. Akaitazama mbingu,
buluu, haina hata doa la wingu.
Akarudisha kalamu mfukoni.

Jana usiku ikanyesha, mvua ya kawaida, ya maji.
Nikalala mato wazi, nasikiliza chumba kwa chumba.
Hakuna aliyeburuta ndoo. Hakuna aliyeniita.
Matundu thelathini na sita yameshika lami yao.
La thelathini na saba
likaniangukia shavuni, tone moja,
kisha, baada ya kitambo, jingine.

Nikasogeza kitanda.
Asubuhi nikamlipa Kazungu pesa zake zote,
sikumwambia.
Ana paa jingine Utange leo,
na huko pia, anasema, hawaamini.