Mstari wa Arobaini na Saba

Swali la tisa nilitunga mwenyewe,
nikalifuta mara nne usiku:
*Kila mwezi, ili ziwa lisiwe na chupa,
nyumba yako iko tayari kulipa franka ngapi?*
Profesa Birindwa alifuta neno "tafadhali"
kwa wino mwekundu, akasema: Nenda ukapime.

Nikashuka Kadutu na fomu zangu,
viatu vikiteleza kwenye udongo.
Mwalimu Cikuru alisema elfu mbili,
kisha akauliza kama najua mshahara utatoka lini.
Mwenye kinu cha muhogo: "Nilipe kwa nani?"
Nikatafuta kisanduku cha jibu hilo. Hakikuwapo.
Kijana mmoja alitaja dola kumi kwa sauti kubwa,
wasichana wawili walikuwa wanapita.
Bibi wa mlango wa kijani alitaka tu kujua
mradi huu ni wa nani, na kama unagawa sabuni.

Nyumba ya arobaini na saba ni ya kwetu.
Sikuiruka. Kila nyumba ya tano kutoka bombani,
hesabu ikaangukia pale.
Mama alikuwa anasugua chupa
anazonunua kwa watoto waokotaji, mia moja kwa moja,
azijaze tangawizi, azifunge kwa kizibo cha bluu;
na hiyo ndiyo karo yangu, mwaka wa tatu sasa,
inanuka limau hadi kwa mhasibu wa chuo.

Nikamsomea swali kama mgeni.
Akakausha mikono, akanitazama
kama anavyomtazama mteja anayepunguza bei.
"Andika sifuri."
Sababu?
"Nimeshalipa.
Mvua ile ya Aprili, mfereji ulipoziba,
ilibeba ukuta wa jikoni na mfuko mzima wa sukari,
na goti hili tangu siku ile linapanda mlima kwa awamu.
Stakabadhi hii hapa."
Akapandisha kitenge kidogo, nikaona kovu.
Kisha akauliza kama nimekula.

Darasani tunaiita sifuri ya kupinga:
mtu hakatai ziwa, anakataa swali.
Dawa yake iko ukurasa wa mia mbili na tatu,
ziondoe, zinaharibu wastani.
Nimeondoa kumi na sita bila kupepesa,
hata yule wa kinu.
Mstari wa arobaini na saba nimeutia rangi ya njano,
na kidole kiko juu ya kitufe tangu saa mbili.

Saa mbili na nusu umeme umekatika.
Mtaa mzima umeguna pamoja,
mguno tunaoujua kuliko wimbo wa taifa.
Wanasema kule Ruzizi mashine imekabwa tena,
takataka zimejaa mlangoni pa bwawa,
wanaume wako majini na nyavu, wanazoa.
Humo mna vizibo vya bluu. Ushahidi sina.

Betri: asilimia kumi na moja.
Natafuta jina la deni
ambalo mdai na mdaiwa wanapikia jiko moja,
karo inatoka kwenye chupa, chupa inashuka ziwani,
na ziwa linapanda usiku kuzima taa
ninayosomea nani alipe.
Mchoro wa kitabuni una mshale mmoja tu,
kutoka kiwandani kwenda kwa jirani.
Hapa kwetu ungehitaji mshale
unaojikunja mpaka unachoma mkono ulioutupa,
na mkono wenyewe umetoka kuniwekea ugali.

Mama ameingia na mshumaa
ameusimika kwenye shingo ya chupa.
"Bado unatafuta bei ya ziwa?"
Nimefunga kompyuta bila kufuta.
Birindwa akiuliza wastani umeshukaje
nitampa namba ya nyumba,
aje mwenyewe na swali lake la tisa, apande na matope.

"Mshumaa ni mia tano,"
mama amesema akiwa mlangoni, bila kugeuka.
"Andika na hiyo."