Nguzo ya Kumi na Nne

Programu haina salamu. Inauliza tu:
upana wa nguzo, kimo chake,
kina kutoka uso wa mlima hadi dari,
na nafasi iliyochimbwa kando.
Najaza visanduku kimoja kimoja
katika ofisi ya bati hapa Kilembe,
huku Nyamwamba ukisaga mawe yake nje
kama mtu aliyekosa usingizi.

Ilizaliwa kwenye makaa ya mawe, programu hii,
huko ambako tabaka hulala kama mkeka.
Sisi tuna shaba, na mwamba wetu umelalia ubavu,
basi naibembeleza, naikopesha namba za huku.

Jambo lenyewe si gumu.
Unapochimba, unaacha,
na ulichoacha ndicho kinachobeba mlima.
Gawanya nguvu ya nguzo kwa mzigo wake.
Jibu likiwa moja, mlima na nguzo vinatazamana machoni.
Chini ya moja, usiingie.

Nguzo ya kumi na nne, kwa ramani ya zamani:
upana, mita sita.
Nabonyeza.
Moja nukta sita. Kijani,
kijani cha mgomba ulionyeshewa.

Baba mdogo Thembo ameniletea bundu na sombe.
Kompyuta haijui, ila ramani anaisoma
kama mtu asomaye uso wa mkewe.
Akaweka kidole juu ya kioo, pale penye kijani,
kile kidole chake kilichopungua pingili.

“Hiyo si sita.”

Akasema kwa Kiswahili cha mgodini,
kile cha zamu ya usiku,
kilichowakalisha benchi moja Mkonzo, Mkiga na Mlugbara:
“Miezi ile ya mwisho mshahara ulikuwa ahadi.
Toroli moja ya ziada, kilo moja ya sukari.
Tukaumega ukuta wa kaskazini. Usiku mmoja, shubiri mbili.
Mimi, Mbusa, na Mlugbara mmoja, Adriko.
Tuligonga dari kwa mtaimbo:
ikijibu kama kengele, twaendelea;
ikijibu kama debe tupu, twatoka.
Usiku ule haikujibu.
Tulitoka wawili.”

Nyumbani tuliambiwa ni homa.
Nilikuwa na miaka minne; nakumbuka sukari,
jinsi ilivyokuwa nyingi matangani.

“Ilibaki ngapi, baba?”
Akatanua mikono, akaipunguza,
akaipunguza tena,
kama fundi cherehani anayekiri kitambaa hakikutosha.
“Tatu. Tatu na kitu.”

Hakuna kisanduku cha sukari.
Hakuna kisanduku cha aliyeshika kalamu
akaandika homa.
Nikafuta sita, nikaandika tatu.

Sifuri nukta sita. Pilipili kwenye kioo.
Sita imebaki palepale; moja ndiyo iliyoondoka.

“Na mbona bado imesimama?”
“Kwa mazoea,” akasema.

Jumatatu wageni wanataka kuingiza mashine.
Nimezungushia mstari mnene
vyumba vitatu huku, vitatu kule.
Watauliza ni tani ngapi ninawaachia mlima.
Nimeshazipiga hesabu. Ni nyingi.

Chini ya ukurasa pana nafasi nyembamba:
Chanzo cha vipimo.
Kwa nguzo nyingine zote nimeandika: ramani.
Kwa hii nimeandika: Thembo, zamu ya usiku.
Nilidhani atakataa.
Kwetu jina ni namba ya kuzaliwa,
Thembo wa tano, Mbusa wa sita,
wa tano hutangulia kila mahali,
mezani, shambani, kwenye urithi.

Alivuta kiti. Bundu lilikuwa limepoa.
“Futa,” akasema, “uanze upya.
Mbusa mbele.”