Baki

Toleo jipya la lugha limetoka jana usiku,
nami nimelisoma kifungu kwa kifungu
juu ya zulia la mama, hapa Ibra,
kiyoyozi kikikohoa.

Kuchapa sasa kunataka mabano.
Makosa yanautaja mstari ulioumia, hayaguni tu kama zamani.
Maandishi yanapokea herufi za kila taifa.
Na kugawanya
(hapo nikaweka kikombe chini)
kugawanya hakutupi tena baki.

Saba kwa mbili ilikuwa tatu.
Sasa ni tatu na nusu.

Hata shuleni tulisema: tatu, baki moja,
na aliyeisahau ile moja alisimama ukutani.
Lugha ya zamani iliisahau bila haya
na hakuna aliyeisimamisha.

Programu ya zamu za falaji aliiandika kaka yangu Yaarub,
miaka kumi na moja iliyopita, kabla hajahamia Dubai.
Maji yetu hupimwa kwa athari,
athari moja nusu saa,
na mama, mzaliwa wa Wete, hajaacha kucheka:
"Athari kwetu hubaki baada ya ajali.
Nyie mnaitilia saa!"

Nikaweka toleo jipya. Nikaendesha.

Mstari wa kumi na tisa,
ambao siku zote ulikuwa alama nne za kuuliza,
ukapata jina, kwa hati ya Kiarabu, nukta zote mahali pake:
Ghaniya binti Mabruk.

Athari saba, yeye na dada yake,
walizonunua kwa bangili za mikononi.
Tatu huyu, tatu yule.
Kila mzunguko wa siku kumi
robo saa ilimponyoka kila mmoja.
Nikazidisha. Nikarudia kuzidisha.
Siku nne na saa nne za maji, kila mmoja.

Falaji haijui kutupa baki.
Lango lao likifungwa mapema, maji hushuka shamba linalofuata.
Shamba linalofuata ni letu.

Kila Ramadhani mama humpelekea Bi Ghaniya
kapu la khalasi zetu, nene, zinazonata vidoleni,
naye hulirudisha kapu limejaa dua.

Waliotengeneza toleo wana huruma na wazembe.
Wameandika chini kabisa:
anayetaka mgawanyo wa zamani
aongeze mkwaju wa pili.
Mkwaju mmoja hukata.
Miwili hukata na kumeza.
Kitufe kimoja, na mitende yetu haitajua lolote.

Kidole kilikaa juu yake
muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.
Baba, chumba cha pili, alipunguza sauti ya redio.
"Tayari ratiba?"
"Bado."
"Mwaka jana hukuchelewa hivi."

Alfajiri niliituma. Mkwaju mmoja.

Karatasi ya Bi Ghaniya niliipeleka mwenyewe.
Alianza na jina lake, akaligusa kwa ukucha
kama mtu anayejaribu rangi imekauka.
Kisha akashuka kwenye tarakimu.
"Hii nusu ya nani?"
"Yako. Yenu. Mashine ilikuwa ikiikata."
"Mashine."
Akaikunja karatasi mara mbili, akaisokomeza kifuani.
"Na maji ya nusu yetu yalikwenda wapi?"
Nikaonyesha kwa kidevu, sikuweza kwa mkono.
Aliitazama mitende yetu, mmoja mmoja, kama anayehesabu.
"Na kabla ya mashine?" akauliza.

Nilikuwa na majibu ya miaka kumi na moja tu.

Jioni nikaenda kwa Hamdun, wakili wa falaji,
nikamwomba daftari la wino.
Akachukua ufunguo, akasita mlangoni mwa kabati.
"La mwaka gani?"