Jina Lisilo na Irabu

Usiku wa manane, Joensuu imelala chini ya theluji,
hodi zinaanza.
Si mlangoni. Ni kwenye daftari la chama chetu cha waokota uyoga:
watu arobaini na watatu, mbwa wanane,
na mimi, Tellervo, mfamasia mstaafu,
niliyekabidhiwa ufunguo kwa kuwa nilichelewa kikaoni
wakamchagua asiyekuwepo.

Hodi, anasema Brandoni 7741.
Hodi, anasema Brandoni 7742.
Wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka mmoja,
kana kwamba kuna mama mahali
aliyejifungua mia tatu kwa mkupuo
akaishiwa majina kabla ya mapambazuko.
Palipoulizwa unapenda uyoga gani, wamejaza:
mikopo ya haraka, viatu vya ngozi, dawa ya upara.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone
hawakuwahi kupokea wageni mia tatu wasio na miguu.

Nikatega.
Kwanza swali: uyoga gani huchemshwa mara mbili,
maji yakamwagwa mbali na kisima, ndipo uliwe?
Siku nne kimya. Ya tano wakawa wanajua wote,
kuliko hata mpwa wangu Ilmo, ambaye aliwahi kulazwa.
Kisha nikaficha kisanduku pasipofika jicho la mtu,
maana mashine haijui kuacha pengo,
ikiona tundu hulijaza,
na mtu, hasa wa huku kwetu, ukimwuliza la ziada hunyamaza.
Hicho kilinasa wengi.
Mwisho nikachoka, nikatunga sheria ya uvivu:
jina la ukoo lisilo na irabu, tupa.
Nani aliyezaliwa akapewa kokoto tupu za kutafuna?
Nikalala. Usingizi ulikuwa mtamu.

Aprili ikaja barua, ya karatasi, stempu imekwenda upande,
kutoka Lieksa, kwa fundi wa misumeno:
"Nimebisha mara sita.
Naitwa Ctibor Smrž. Ndivyo linavyoandikwa, halikukatika.
Kwa Kicheki ni uyoga, ule wenye kichwa cha sega la nyuki.
Aliyekuwa akinichagulia msituni ni mke wangu. Sasa hayupo,
na mimi naogopa kukosea nikiwa peke yangu mezani.
Je, huu ndio wenyewe?"

Ndani ya bahasha, uyoga mkavu wa mwaka jana.
Niliuweka chini ya taa, nikachukua wembe.
Watoto tunawafundisha hivyo: sura usiiamini, pasua.
Wa uongo una kichwa kama ubongo,
na ndani vyumba vyumba, umejaa, una la kusema.
Wa kweli ukiupasua huna unachokikuta,
ni mtupu toka utosini hadi kwenye mguu,
pumzi yako inaingia huku na kutokea kule.

Ulikuwa mtupu.

Nikalirudia lile jina. Herufi nne,
na katikati hakuna pa kushika.
Nililitamka jikoni, ulimi ukagoma,
nikalitamka tena, na tena, mpaka paka akaondoka.

Ndipo nikapiga simu. "Smrž?"
Upande wa pili pakawa kimya,
kimya kirefu, kibovu, cha mtu hasa,
nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.
"Ndio wenyewe," nikasema. "Kula. Na karibu."

Sheria nimeifuta. Mwenyekiti ananiona mjinga.
Leo wamekuja mia mbili na kumi na sita,
nami nawasoma mmoja mmoja, kwa sauti, chai ikipoa.
Brandoni 9013, nenda salama.
Brandoni 9014, nawe pia.
Anayefuata anaitwa Trnk.
Hapa kidole kinasimama.