Taa Namba 417

Saa nne usiku, Bytom. Theluji imegeuka tope,
na mimi, Gertruda Kulik, miaka hamsini na mitatu,
navaa miwani, nafungua kompyuta
aliyoniachia binti yangu alipohamia Dortmund.
Herufi E imefutika. Naijua kwa kidole.

Somo la sita: Kusafisha Data.
Mkufunzi ni kijana mwenye meno mengi,
husema "rahisi sana" kabla ya kila jambo gumu.
Nimemsimamisha mara kumi na moja,
mdomo wazi, mkono hewani,
nikaandika daftarini wastani, modi, mtawanyo,
maneno ninayoyameza kama vidonge, kwa maji.

Jana nilikeshea kosa moja.
Mkato. Mkato tu, uliokaa mahali pa nukta.
Kwetu mkato ndio unaotenga zloti na senti zake;
mashine haijui kwetu.

Hildegarda wa ghorofa ya pili hunicheka ngazini:
"Trudka, na mvi hizo, shule?"
Mtaka cha mvunguni huinama, namjibu,
na mimi mgongo ulikwisha kuinama zamani.
Hospitali inatafuta mtu wa takwimu,
cheti kiwe mkononi kufikia Machi.
Bili ya gesi haingoji Machi.

Haya, zoezi. Jedwali la baiskeli za kukodi
katika mji nisioujua:
nani kachukua, saa ngapi, karudisha wapi.
Mistari elfu mbili. Tisa haina saa ya kurudi.
"Rahisi sana," asema kijana. "Penye pengo, futa."

Mkono umegoma.

Miaka ishirini na sita nilikaa chumba cha taa
katika mgodi ambao leo ni maegesho ya magari.
Kila mchimbaji na namba yake,
kila namba na taa yake,
kila taa na ndoano yake ukutani.
Zamu ikipanda nilizipokea dirishani, zingali na joto,
zinanuka makaa na jasho la mikono,
nikazitundika moja moja huku midomo ikihesabu.
Walioshuka mia tatu na kumi na wawili,
taa ziwe mia tatu na kumi na mbili.
Neno data sikulijua. Nilijua ndoano.

Na asubuhi ile ya Novemba
ndoano ya 417 ilibaki uchi.
Sikupiga wastani.
Nilipiga king'ora.

Ginter Pyka. Kila akichukua taa
aliacha peremende ya mnanaa kwenye kizingiti cha dirisha,
hasemi neno, anakohoa tu, anaondoka.
Siku ya tatu
walinirudishia taa.

Kwa hiyo nimeandika jibu langu, polepole, E kwa E:
Usifute. Kwanza ulizia hao tisa.

Jibu si sahihi. Jaribu tena.

Nimejaribu tena.
Sitajitia utakatifu: nimefuta.
Nyumba ina baridi na cheti nakitaka.
Kumi kwa kumi, ikasema mashine,
ikanirushia vinyota vya rangi usoni
kama mtoto aliyekwenda choo peke yake.

Lakini kabla ya kubonyeza
nilitoa lile daftari la zamani, lenye jalada la bluu,
ambalo kurasa zake za mwisho hazikupata zamu,
nikanakili kwa kalamu, mistari yote tisa.
Baiskeli 88, imetoka kituo cha mtoni, saa moja kasorobo.
Haijarudi.
Baiskeli 1306, imetoka sokoni, mvua inanyesha.
Haijarudi.
Mvua nimeitia mwenyewe. Haikuwa jedwalini.

Somo la saba litaanza lenyewe
baada ya sekunde tano.
Nne.
Natafuta kalamu, iko wapi kalamu.