Kifungo cha Sita

Saa moja asubuhi, na Kutaisi bado giza.
Mimi nimeamka, vidole vimelala.
Naviita kimoja kimoja kama watoto wa jirani,
na kama watoto wa jirani, haviitiki.

Daktari aliandika jina refu kwenye karatasi.
Mimi nasema baridi yabisi, yatosha:
baridi isiyopitia dirishani,
isiyolijali jiko la gesi,
iliyohamia vifundoni mwangu mwaka aliozaliwa Luarsab
na tangu hapo hailipi kodi.

Luarsab ana miaka miwili.
Analia kwa sababu ndizi imekatika.
Simcheki.
Tekle ana mitano. Amebana chupa ya jamu ya tini mapajani,
uso umemwiva, ulimi nje:
"Usiguse, mama. Nafungua mimi."

Kidole kimoja hakivunji chawa, wamesema wahenga.
Ninavyo kumi,
na chawa yuko salama.

Gocha hupiga simu kutoka barabarani, Poland,
nyuma yake lori likinguruma kama tumbo.
"Uko salama?" ananiuliza.
"Tuko salama," namjibu, kwa wingi,
maana wingi husitiri.

Jana Luarsab aliruka kitandani, akatua juu ya kiganja changu.
Ukanitoka ukelele nisioujua.
Akakimbilia nyuma ya pazia,
miguu yake miwili ikibaki nje, soksi moja tu.
Nilimwita. Nilimwita tena.
Tangu hapo hunigusa mkono kwa ncha ya kidole,
haraka, kisha anakirudisha,
vile nilivyomfundisha kuhusu jiko.

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tekle ndiye mweka hazina: huitia sarafu tunduni,
nami nasimama kando kama mgeni.
Jumanne ilimponyoka. Ikabingirika, ikaingia ufani,
tukaisikia ikishuka, ti, ti, ti,
hadi kusikosikika.
Mfukoni sina nyingine. Ghorofa ya saba.
Magoti yangu yakanitazama.

Basi nikaketi kwenye ngazi ya kwanza,
nikajisukuma kinyumenyume hadi ya pili,
kwa viwiko, kwa makalio, kwa ukaidi.
Luarsab akashangilia: kumbe hata mama hupanda hivi!
Akaketi kando yangu. Tekle naye, na koti lake safi.
Tukapanda hivyo, tukihesabu, tukikosea, tukianza upya,
na ghorofa ya nne mlango ukafunguka.

Bibi Eteri, mikono imejaa unga hadi viwiko.
Alitutazama. Nilitafuta neno la kujitetea,
nikakosa.
Hakuniuliza kitu. Akakunja sketi yake nyeusi,
akaketi ngazini, mwanamke wa miaka sabini na mitatu,
akapanda nasi ghorofa tatu nzima kwa makalio,
akiacha alama za viganja vyeupe kila ngazi.
Mpaka leo hazijafutwa.
Sitaki zifutwe.

Ijumaa ni siku ya sindano.
Jumamosi nalala sakafuni, pakiwa karibu na watoto
na mbali na harufu ya chakula.
Huniwekea wanasesere kifuani, mmoja mmoja,
wanasema ni wagonjwa wangu.
Nawatibu kwa macho.

Koti la Tekle lina vifungo sita.
Kiangazi kilichopita nilimfunga nguo bila kuangalia,
huku simu begani, huku chungu kikichemka,
sikujua kwamba ule ulikuwa utajiri.
Sasa hujifunga mwenyewe, kuanzia shingoni,
midomo ikihesabu: kimoja, viwili, vitatu.
Anafika cha tano, anasimama,
anavuta koti lisikunjamane.
"Hiki chako."

Napiga magoti. Kifungo kinateleza.
Kinaingia nusu, kinatoka.
Luarsab, kofia machoni, anauliza tunaenda lini.
"Ngoja," Tekle anamwambia, bila kunitazama,
"mama anafanya kazi."